Naomba ushauri: Fomu 36A isiyojumlika niinakili vipi?

Ndugu zangu, salaam. Nakusanya matokeo ya uwakilishi wadi ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022 katika kaunti yetu ya Kenya, kituo kwa kituo, kutoka nakala za Fomu 36A (fomu ya matokeo ya uwakilishi wadi ya kituo kimoja cha kura) ambazo mawakala wa wagombea walizihifadhi. Katika fomu moja, kura za mgombea ziliandikwa 187, zikakatwa kwa kalamu na kuwa 137 bila sahihi pembeni, ilhali jumla ya kura halali inakubaliana na 187 pekee. Je, niinakili ilivyo na kuongeza maelezo, au nifuate hesabu? Naona sina haki ya kusahihisha hati ya msimamizi wa kituo, lakini jedwali lisilojumlika nalo humpotosha msomaji.

Kuhusu asilimia, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa, yaani zilizopigwa lakini zikaonekana si halali, zisihesabiwe katika asilimia za urais, nami nimefuata njia hiyo hiyo, ingawa kwenye wadi mshindi ni mwenye kura nyingi tu. Wenye uzoefu, kura hizo mnazionyesha wapi? Watu wa wadi hii wataniuliza kila kura ilikokwenda, na nataka niweze kuwajibu.