Tupeane uzoefu: boti ni ya kuvulia, familia ikipanda inakaa wapi?

Kolekole wa Mjimwema
Wakuu salaam. Jumapili nimemshusha mama mkwe kwenye boti yangu ameshika kiuno, na tangu siku hiyo nikipiga simu anapokea mjukuu. Boti ni faiba, futi 23, mashine ya 40. Ni ya kazi. Siku sita inalala na nyavu na mishipi, siku ya saba mke na watoto wanataka kisiwa cha Sinda. Ndani kuna mbao mbili tu za kukatiza, moja omo (mbele) na moja tezi (nyuma), katikati pako wazi kwa ajili ya samaki. Sisi wa kazi tunakaa popote, hata juu ya ndoo. Familia je? Mke alikaa juu ya dumu la mafuta, watoto juu ya nyavu (mpaka Jumatano mwalimu anauliza harufu inatoka wapi), na mama mkwe kwa heshima nikampa kiti cha plastiki, vile vya baa. Yaliyompata niacheni. Aliyewahi kubeba familia kwenye boti ya kazi aseme walikaaje.

Kibua Mkavu
Nafuatilia. Mimi mpaka leo nina alama ya mrengu wa ngalawa, tuliukalia kutoka Kunduchi mpaka Mbudya na kurudi.

Mpiga Ngama
Dumu siyo kiti, dumu ni boya. Wimbi likikupiga linachomoka chini yako unabaki hewani. Familia ikae chini kabisa, mkeka, basi. Miaka 30 nabeba watu hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mama Wawili Tegeta
Hakuna aliyelalamika mbele yako. Chini kuna ngama kaka, yale maji yanayojikusanya ndani ya boti, ulishakaa na mtoto mchanga kwenye maji ya damu ya samaki?

Mpiga Ngama
Dada, ngama inavutwa. Mtoto aliyetupwa baharini havutwi.

Mama Wawili Tegeta
Sasa hapo ndipo mnapokera, mtu anauliza kiti nyie mnaleta kifo.

Fundi Faiba
Naziba na kutengeneza boti huku Kigamboni, nikupe la kitaalamu kidogo. Usitoboe sakafu kupigilia kiti cha nguzo, kile cha kuzunguka wanachokaa watalii. Kinapendeza, lakini kila skrubu ni mlango wa maji, na maji yakishaingia kwenye mbao zilizofunikwa na faiba utakuja kwangu na boti nzito isiyokimbia na hutajua kwa nini. Halafu nguzo inamweka mtu juu, na mtu mwenye kilo 80 akiwa juu, boti ya futi 23 inamfuata kila anakoinamia.

Tengeneza kasha la kukatiza, kutoka ubavu hadi ubavu, nyuma kidogo ya katikati, na ulishike kwa faiba pande zote mbili. Hapo pana mtikisiko mdogo. Omo panarusha, na tezi tayari una mashine, tangi na wewe mwenyewe, ukiwajaza huko pua ya boti inaangalia mbinguni. Ndani ya kasha weka chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri, likiingia maji bado linaelea. Juu mto. Sponji ya godoro la kawaida usiweke hata ukiifunga kwenye nailoni, itanyonya tu na kuanza kunuka. Chukua ile sponji ngumu ya mikeka ya mazoezi, haishiki maji, ufunike na turubai.

Kibua Mkavu
Kasha likishikwa na faiba katikati, samaki watakaa wapi siku sita zilizobaki?

Fundi Faiba
Kwenye kasha.

Mama Wawili Tegeta
Yaani mama mkwe anakalia vibua. Ahsante fundi.

Binti Kivinje
Nilikuwa nasoma nipite zangu, nilipofika kwenye kiti cha plastiki mikono ikaanza kutetemeka. Naomba mnisikilize.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imekaza. Shemeji yangu anaoa Songosongo, sisi tunatoka Kilwa Kivinje na boti ya mume wangu, hiyo hiyo anayotegea nyavu za jarife. Alishasema tuondoke alfajiri kabla upepo haujaamka. Nani anawaamsha watu wa harusi alfajiri? Tumeng'oa nanga saa nne, watu kumi na mmoja, sufuria kubwa la pilau limefungwa kwa kanga, na viti vinne vya plastiki tulivyokodi kwa mtu wa maturubai, kwa sababu mama mkwe na dada zake watatu hawakai chini. Siyo kwamba hawawezi. Hawakai. Mama mkwe amevaa gauni la lesi, mwavuli mkononi, yuko katikati ya boti kama mgeni rasmi.

Karibu na nchi kavu shwari. Tulipotoka nje tu, maji yanakupwa na kusi inakuja kukutana nayo, bahari ikasimama. Mawimbi mafupi, ya kukata. Mume akaniangalia mimi, hakumwangalia mama yake. Nikajua anataka niseme mimi. Mkwe wako unamwambiaje ashuke akae kwenye ngama na lesi yake? Nikajifanya naangalia ndege.

Likaja moja la ubavuni. Sakafu ya boti ya uvuvi mnaijua, hata uisugue na mchanga una ule utelezi wa magamba. Viti vyote vinne vikateleza kwa pamoja kama vilivyoambizana, mpaka ukingoni, na kina mama juu yake, na mwavuli ukashika upepo. Boti ikalala. Niliona maji yanapita juu ya ukingo, siyo yale ya kurushwa, haya yanamiminika taratibu, ya kijani, kama mtu anajaza pipa. Mguu wa kiti cha mama mdogo ukakatika akaangukia mapaja ya mwanangu.

Mume alitoa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo: "Chini wote! Laleni!" Na mama mkwe, na lesi yake, akalala kifudifudi ndani ya maji. Boti ikainuka.

Sasa kidumu cha kuvutia ngama kilishaelea kimekwenda zake. Mume akashika sufuria la pilau, akafungua kanga, akanitazama mara moja, akaliegemeza ukingoni na kumimina yote. Kilo kumi na tano za mchele, mbali nyama. Tulivuta maji kwa lile sufuria mpaka Songosongo, na mama mkwe alikuwa anavuta kwa mfuniko. Jaketi za kujiokolea zilikuwepo nne. Zote zilikuwa chini ya makalio ya watu, wamezifanya mito.

Harusi ilifungwa, tulikula wali wa majirani. Viti viwili tulirudisha, viwili tulilipa. Mama mkwe hajawahi kuitaja safari ile, ila kila nikipeleka pilau kwake anauliza, "Hii ni ya kula au ya samaki?"

Kibua Mkavu
Dah. Nyama ya ng'ombe au mbuzi?

Mbishi wa Buguruni
Hii chai. Sufuria la kilo 15 limejaa pilau, mtu mmoja alimwage kwenye mawimbi?

Binti Kivinje
Mume wangu anavuta nanga kwa mkono kila siku ya Mungu. Na hakulibeba, nimesema aliliegemeza ukingoni. Kivinje siyo mbali, njoo uulize. Ng'ombe, @Kibua.

Mbishi wa Buguruni
Na changu wote wa pale wameshiba mpaka leo. Haya.

Mama Wawili Tegeta
Mimi namwelewa dada kwenye "nikajifanya naangalia ndege". Kuna mambo mkwe huwezi kumwambia hata boti inazama.

Dagaa wa Ukara
Mnacheka sawa, lakini sisi wa huku Ziwa Victoria mtu akisema "wote wamehamia upande mmoja" tunanyamaza. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imeshakaribia kabisa gati la Bwisya, watu zaidi ya 220 wakafa huku ndugu zao wanaona. Ile ilikuwa kivuko, hizi zetu ni mitumbwi ya dagaa. Huku ukipanda, mwenye mtumbwi anakuonyesha ubao wako na mwenzako wa kulingana naye ubao huo huo, mnene kulia, mnene kushoto, watoto katikati. Ukitaka kuhama unaomba ruhusa. Hata mkikaribia mwaloni hakuna kusimama mpaka mtumbwi uguse mchanga.

Mbishi wa Buguruni
Pole mkuu. Hapo sina neno.

Mlamu wa Shela
Kwetu Lamu neno ni farumi, uzito wa kutuliza chombo. Kwenye mashindano ya mashua tunabeba viroba vya mchanga ndani, na mabaharia wanatoka nje juu ya ubao kuinamia upepo. Mtu ni farumi inayotembea. Sasa ndugu yangu wa Mjimwema usiulize kiti, uliza mama mkwe ana kilo ngapi.

Kolekole wa Mjimwema
Mkuu unataka nilale nje?

Mlamu wa Shela
Hahaha. Muulize dada yake.

Nahodha Mstaafu
Kiti bora kwenye boti ni deli la barafu. Lina upana, halilowi, mnakaa wawili, na soda ziko ndani.

Mpiga Ngama
Deli linateleza kuliko hicho kiti cha plastiki. Na kila mtoto akitaka soda watu wazima wasimame katikati ya maji?

Nahodha Mstaafu
Unalifunga kwa kamba kwenye taruma, zile mbavu za chombo, pande mbili. Wewe unabeba watu miaka 30 na kamba huijui?

Mpiga Ngama
Na wewe umestaafu kwa sababu gani?

Fundi Faiba
Wazee, wazee. Boti ya faiba ina taruma gani za kufungia deli?

Mwana wa Sur
Niko Sur, Oman, hizi boti za faiba ndizo zimejaa huku. Ijumaa rafiki zangu wakibeba familia wanaosha boti kwa maji ya bahari, wanatandika zulia la plastiki, halafu wanapanga mito ya kuegemea ubavuni kama ile ya barazani. Watu wanakaa chini miguu imenyooshwa, wanapiga kahawa. Mgongo ukiegemea mtu hachoki, hata kama amekaa sakafuni. Nadhani kosa letu ni kutafuta pa kuweka makalio tu.

Mama Wawili Tegeta
Huu ndio ushauri wa kwanza wa mtu mwenye mke.

Kibua Mkavu
Na wenye kulewa bahari? Mimi nikikaa chini nisione mbele natapika kabla ya kutoka bandarini.

Nahodha Mstaafu
Kaa omo upate hewa. Tezi moshi wa mashine utakumaliza.

Mpiga Ngama
Kaa tezi. Omo panaruka, utatapika hata ulichokula Ijumaa.

Dagaa wa Ukara
Kula ushibe.

Mama Wawili Tegeta
Usile kabisa. Tafuna tangawizi, uangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Simu usiiguse.

Kibua Mkavu
Nimeelewa. Nitakaa nyumbani.

Kolekole wa Mjimwema
Wakuu nimewasoma wote. Ila kuna jambo sikulisema mwanzo: mama mkwe ana nyonga mbovu. Sakafuni atashuka, kuinuka hawezi, na mbele ya watu hatakubali kuinuliwa. Ndiyo maana nilimpa kile kiti. Na sasa niseme tu, kilimpinduka tukiwa bado pwani, boti imegusa mchanga, hata wimbi halikuwepo. Alikuwa anainuka, akakishika mkono wa kiti, kikaenda.

Binti Kivinje
Ungesema mapema kaka. Basi zulia la Oman halimfai. Mfanyie pa kwake peke yake. Sisi sasa tuna gunia mbili za makumbi ya nazi zilizoshindiliwa mpaka zikawa ngumu kama tofali, tumezibana baina ya ubao wa tezi na sakafu, juu mkeka. Maji yanapita, haziozi haraka, haziendi popote. Mama anakaa, mgongo kwenye ubao.

Fundi Faiba
Nyonga mbovu inataka kiti cha juu, boti inataka kiti cha chini, hapo mtagawana. Kiti cha baa kina kama sentimita 45. Mfanyie kasha la 35, na mbele yake papite kamba nene au bomba la kushika kwa mikono miwili, ndilo litakalomwinua, siyo wewe. Miguu yake ifike sakafuni, na chini ya miguu pabandike raba la kukwangua, lile la ngazi. Na nyayo zioshwe kabla ya kupanda, mchanga na magamba vikikutana ni barafu.

Mama Wawili Tegeta
Na kupanda? Mnazungumza kukaa tu. Mimi Kipumbwi nilibebwa mgongoni na kijana wa mizigo mpaka kwenye boti, mume wangu anapiga picha. Mama wa nyonga mbovu hapandi ukingo wa boti kwenye maji ya magoti.

Mpiga Ngama
Kreti la soda. Moja ndani ya maji limejazwa mawe, lingine ndani ya boti. Subiri maji yajae ili boti isogee karibu, mshike kwapa na kiwiko, asiruke. Hapo nimekubali siyo kila mtu ni wa mkeka.

Mama Wawili Tegeta
Nimeiona hiyo, naihifadhi.

Mbishi wa Buguruni
Sinda kwenyewe ni eneo la hifadhi, msiende na nyavu ndani ya boti mkajieleza.

Kolekole wa Mjimwema
Nyavu zinabaki nyumbani, ndiyo nafasi yenyewe ya kasha. Leo fundi wa mtaani kakata mbao, 35 kama alivyosema Fundi. Nimeiweka ndani boti ikiwa juu ya mchanga, nikamkalisha mke kwanza. Kasema iko sawa ila mgongo unataka pa kuegemea, nikafunga mto kwa kamba kwenye ubao wa nyuma. Kisha tukampigia mama simu, akapokea mwenyewe. Mke alishamsomea habari ya Kivinje yote. Amesema atakuja mwezi ujao bamvua (maji makubwa) ikipita, mwavuli hachukui, na chakula atabeba mwenyewe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kibua Mkavu
Ndoo ya lita ngapi? Ya 20 inavuta ngama vizuri.