Shoferi, toeni krabo (4x4) kwenye lami! Nimechoka kununua krosi

Ndugu zangu wa Bukavu, leo nina hasira na sitaificha. Jeep yangu, Land Cruiser, iko garaji mara ya pili mwaka huu kwa ugonjwa uleule: krosi za mbele (viungo vya shafti) na buati ya 4x4, ile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Fundi ananiambia vipuri vya siku hizi ni vibovu. Hapana. Gari inauawa na mkono wa shoferi, na huyo fundi ameniuzia krosi mara mbili bila hata kuuliza gari inaendeshwaje.

Jumamosi nilikaa pembeni ya shoferi kutoka Nyawera. Kufika Feu Rouge, anakata kona, usukani mzito, matairi yanalia kwenye lami kavu, gari inashtukashtuka kama inavutwa kwa nyuma. Naangalia levye ndogo ya krabo: iko H4, yaani magurudumu yote manne yanavuta! Tangu lini? "Tangu Alhamisi, papa, tulipotoka Walungu. Hivi ndivyo gari inashika barabara." Siku tatu mjini! Nikamwambia aitoe, levye ikakataa katakata. Tulirudi nyuma mita chache ndipo ikaachia.

Gari hii haina difu ya katikati, zile gia zinazoacha shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukipiga krabo, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinazunguka sawasawa, lakini kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tairi linateleza kidogo, mkazo unaisha. Kwenye lami kavu linateleza wapi? Mkazo wote unaangukia krosi na gia za buati. Mwenye gari yenye difu ya katikati asiniambie yake inazunguka mjini na 4x4 bila shida. Yake ni nyingine, na hata yeye akifunga hiyo difu kwenye lami ataivunja.

Na pale krabo inapotakiwa, hawaipigi! Mwezi uliopita, mvua, mlima wa Ngomo, gari imelala kwenye matope mpaka usiku na mizigo ya watu ndani. Shoferi anaapa aliweka 4x4. Ni kweli, levye ilikuwa H4. Nikafuta udongo kwa kidole kwenye kitovu cha gurudumu la mbele: mshale uko FREE, yaani gurudumu halijaunganishwa na ekseli. Hakushuka kuugeuza LOCK! Magurudumu ya mbele hayakupata nguvu hata chembe, ya nyuma yakachimba mpaka ekseli ikakaa chini. Kama hamtaki kulowana, fungeni vitovu asubuhi kabla ya kutoka mjini, levye ibaki H2, nguvu ya nyuma tu. Mtakula mazutu kidogo zaidi, basi. Na mpige krabo KABLA ya kuingia matopeni, si baada ya kuzama.

L4, ile 4x4 ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, nayo wanaiogopa kama nyoka. Simamisha gari, kanyaga klachi, ingiza. Kuteremka Ngomo na mzigo, gia ya kwanza au ya pili ya L4, injini ndiyo inashikilia gari. Wao wanateremka na H2 mguu juu ya freni mpaka harufu inaingia ndani, na nyuma wamekaa akina mama na watoto!

Nyinyi wenye magari ya kukodisha, kabla ya kumpa mtu ufunguo mnamuuliza nini? Mimi kuanzia wiki hii, shoferi anayekuja kuomba kazi nampeleka kwanza kwenye gurudumu la mbele. Asipojua ule mshale ni wa nini, anarudi nyumbani.