Tupeane uzoefu: Ulijifunzia wapi ufundi wa magari, na ni kazi gani iliyokufungua macho?

Fundi wa bodi, Kisumu (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanachama, kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yanapotoka, swali huwa ni lilelile: kijana anayetaka kuwa makanika au fundi wa bodi apelekwe chuoni, au aachwe gereji mikononi mwa fundi mzoefu? Majibu huwa ya kushabikia upande, na mzazi aliyeuliza huondoka akiwa hajasaidika. Naomba leo tufanye vingine. Kila mmoja aeleze kazi mahususi iliyomfunza, aliyemfunza alifanya nini hasa, na pengo gani lilibaki.

Mimi nilianzia jua kali, yaani gereji za mitaani, hapa Kisumu. Fundi wangu alikuwa na mkono wa ajabu: alipitisha kiganja juu ya mlango wa gari huku akitazama kando, kisha akaweka alama ya chaki mahali palipobonyea ambapo jicho langu halikuona kitu. Alifundisha kwa vitendo, maneno yake yakiwa machache. Nilijifunza kushika kipande kizito cha chuma nyuma ya bati na kupiga nyundo upande wa mbele, lakini sikuelewa kwa nini bati moja lilinyooka vizuri na jingine likalegea, likawa linaingia na kutoka ukilibonyeza kwa kidole.

Maelezo niliyapata baadaye nilipojiunga na chuo. Mkufunzi alituonyesha kwamba ukipiga nyundo moja kwa moja juu ya kile chuma cha nyuma, bati hubanwa katikati, likawa jembamba na kutanuka. Bali ukikiweka chuma chini ya sehemu iliyobonyea na kupiga kilima kilicho kando yake, palipobonyea huinuka na kilima hushuka, bila bati kutanuka sana. Tangu siku hiyo nikawa najua ni lini nipige vipi. Mkono niliutoa gereji, sababu nikaipata chuoni, na nina hakika kwamba mtu aliyekosa kimojawapo ana safari ndefu zaidi ya kufika.

Mfano mwingine ni fila, lile lipu la kujazia palipobonyea. Gereji tulipima hadena, dawa ya kuigandisha, kwa macho, na mvua ya jioni ikikaribia tuliongeza ili fila ikauke upesi. Chuoni ndipo nilipoambiwa kwamba hadena huwa karibu asilimia 2 tu ya uzito wa fila, na kwamba ikizidi, rangi yaweza kubadilika juu yake baada ya muda na vitundu vidogo vikajitokeza. Tulifundishwa pia mpangilio wa msasa, kuanzia ulio mkali hadi ulio laini: P80 kwa kuchonga umbo, P180 kwa kuondoa mikwaruzo ya P80, kisha P320 kabla ya praima, rangi ya kwanza ya chini. Kabla ya kusugua praima hupulizwa ukungu mwepesi wa rangi nyeusi. Msasa ukipita, weusi unaobaki huonyesha mahali ambapo bado pamebonyea. Ni jambo dogo, lakini mwanafunzi anayelijua hahitaji kusubiri miaka hadi kiganja chake kipate macho.

Fundi wa umeme wa magari, Nakuru

Asante kwa mada hii, ndugu. Mimi ni mwanamke, na nilipitia chuo kwanza. Darasani nilifanya vizuri, lakini nilipotumwa kwenye mafunzo ya kazini, gereji iliyonipokea ilinipa ufagio na beseni la kuoshea vipuri. Wavulana tulioenda nao waliruhusiwa kushika spana mapema. Mimi niliambiwa nisubiri. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu najua wasichana walioacha kozi wakiwa katika hatua hiyohiyo, na hawakuwa na upungufu wowote wa akili wala wa nguvu.

Aliyenitoa hapo alikuwa fundi wa umeme mwenye umri mkubwa, aliyekuwa akihudumia malori yanayopita barabara ya Eldoret. Siku moja gari dogo lililetwa, injini yake ikiwa haizunguki kabisa, betri ikisoma volti 12.6, na wote waliokuwepo wakasema stata, mota ya kuwashia injini, imekufa. Mzee alinikabidhi mita na kuniambia niweke ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mwenzangu azungushe ufunguo. Mita ilisoma zaidi ya volti 2, ilhali haikupaswa hata kufika nusu volti. Umeme ulikuwa unapotea njiani, kwenye waya unaounganisha injini na bodi, ambao ulikuwa umeliwa na kutu chini ya boliti. Tulisugua, tukakaza, gari likawaka, na mwenye gari hakununua stata.

Hesabu za volti nilikuwa nimefanya darasani nikapata alama zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuniambia: hesabu ile ndiyo hii hapa, iguse. Ndiyo sababu wanafunzi wanaokuja kwangu, mita hupewa mapema kuliko ufagio.

Makanika, Bungoma

Mimi sikupitia chuo. Nimejifunza kwa magari ya Probox, ambayo huku kwetu ndiyo hubeba watu, ndizi na magunia. Nilipoona kazi nzuri zinapita kwa sababu sina karatasi, nilijiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, nikaanza na daraja la tatu, baadaye la pili. Maswali ya vitendo hayakunisumbua. Yaliyonisumbua ni ya kuandika, hasa majina ya sehemu ambazo nimezishika maisha yangu yote. Aliye gereji leo asingoje azeeke ndipo aende. Cheti kiliniingiza kwenye kampuni ya usafirishaji ambayo hapo awali haikunifungulia hata lango.

Mkufunzi, Kakamega

Nimesoma hadithi zote na nakubaliana na mwanzilishi, ila niongeze jambo kutoka upande wa karakana ya chuo. Injini ambayo wanafunzi hufungua na kufunga kila muhula, huku haijawahi kuunguza mafuta, huwafundisha majina na mpangilio wa sehemu, basi. Haiwafundishi kutafuta ugonjwa. Kwa hiyo mimi husisitiza injini inayowaka, hata ikiwa ya zamani.

Chukueni mfano wa gari lililopungukiwa nguvu. Mwanafunzi hupima mgandamizo wa kila silinda na kukuta moja iko chini. Hapo wengi hukimbilia kufungua kichwa cha injini. Namzuia, namwambia atie mafuta kidogo ya injini kupitia tundu la plagi, kisha apime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, kwa kuwa mafuta yameziba mwanya kwa muda. Kisipopanda, ashuku valvu au gasketi. Dakika chache za kupima humwepusha mwenye gari na gharama ya kufungua kisichohitajika.

Jambo hilohilo liko kwenye mashine za kusoma kompyuta ya gari, ambazo vijana wanazipenda mno. Mashine ikionyesha msimbo wa hitilafu P0171, inasema hewa imezidi mafuta kwenye mchanganyiko. Haijasema ununue sensa. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, wa bei ya chai na mandazi. Mkufunzi asiyefundisha tofauti hiyo anatoa wauzaji wa vipuri badala ya mafundi.

Mpuliza rangi, Busia

Naomba nitoe la moyoni kuhusu afya, kwa maana hakuna aliyeligusa. Nilipofundishwa kazi, kinga yetu ilikuwa kitambaa kilichofungwa puani. Hadena ya rangi za kisasa za kuchanganya ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo huweza kumsababishia mtu pumu, na akishapata hali hiyo, hata kiasi kidogo humrudishia shida ya kupumua. Kitambaa hakizuii chochote, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo. Kinachofaa ni kifaa kinacholeta hewa safi kutoka nje kwa mpira, pamoja na chumba chenye feni ya kutoa hewa.

Rafiki yangu tuliyejifunza naye hapulizi rangi tena. Akikaribia harufu ya rangi, kifua hubana, naye alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Mzazi unapokagua chuo au gereji, usitazame ukubwa wa jengo. Ingia chumba cha rangi, uulize wanafunzi wanavaa nini, na uombe kukiona hicho kifaa. Wakikuonyesha kitambaa, rudi na mwanao nyumbani.

Mama wa Vihiga

Nimefuatilia kwa makini. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne na alama ya D, anapenda magari tangu utotoni. Kuna vyuo viwili tunavyovifikiria, kimoja cha kaunti karibu na kwetu na kingine cha mjini. Nitajuaje kilicho bora?

Fundi wa bodi, Kisumu

Mama, alama ya D haimfungii mlango, kwa kuwa kozi za ngazi ya chini za ufundi hupokea wanafunzi wa alama mbalimbali, na anaweza kupanda ngazi kutoka hapo. Kwanza hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na kwamba hata kozi yenyewe imeidhinishwa. Usikidharau cha kaunti: vituo hivi viliwekwa chini ya kaunti na Katiba ya 2010, na viko ambavyo wanafunzi ni wachache kiasi kwamba kila mmoja anashika kazi.

Nenda siku ya masomo, si siku ya maonyesho. Uliza wanafunzi wangapi hutumia injini moja, na kama hiyo injini inawaka. Uliza chuo humtafutia mwanafunzi gereji ya mafunzo ya kazini au humwachia ahangaike, na nani huenda kumkagua akiwa huko, maana yaliyompata dada yetu wa Nakuru hutokea pale ambapo hakuna anayekuja kuuliza. Uliza pia watatahiniwa na nani mwishoni. Hata akisomea chuo cha kaunti, baadaye anaweza kufanya mtihani wa NITA, ambayo ina kituo hapa Kisumu.

Ukishapata majibu ya vyuo vyote viwili, yaandike hapa, na mwalimu wa Kakamega atusaidie kuyalinganisha.