Vichwa vya mvuke vya 9F: Uingereza ilitupa fedha za umma?

Msafiri wa Reli: Wakuu, habari za jioni. Vichwa vya treni vya mvuke vya aina ya 9F vya Uingereza vilitengenezwa 251, kuanzia 1954 hadi 1960, vingi kiwanda cha Crewe na vingine kiwanda cha Swindon. Cha mwisho, namba 92220, kilipewa jina Evening Star Machi 1960. Machi 1965 kikaondolewa kazini. Miaka mitano, na boila bado mpya! Agosti 1968 shirika la reli likaachana kabisa na mvuke kwenye njia kuu. Mimi nasema Robert Riddles, mhandisi aliyesimamia mpango wa kuunda vichwa hivyo, aliwatia hasara wananchi. Wamarekani walishahamia dizeli. Nipingeni.

Fundi Boila: Napinga, tena sana. Nchi imetoka vitani juzi, imelemewa na madeni. Makaa ya mawe inachimba yenyewe, mafuta inaagiza nje. Wewe ungechagua nini? Riddles alitaka mvuke uvushe nchi hadi umeme, dizeli isiingie katikati. Halafu alistaafu 1953, kabla 9F ya kwanza haijatoka. Na mashine yenyewe ilikuwa ya kazi: magurudumu kumi ya kuvuta, jozi ya katikati haina ukingo (ule mdomo unaoshika reli) ili ipite kona bila kukwama. Nenda kaulize madini ya chuma yalipandaje kutoka bandari ya Tyne Dock hadi kiwanda cha chuma cha Consett.

Bi Stesheni: Fundi, hakuna aliyesema mashine ni mbovu. Mpango wa kuondoa mvuke ulitangazwa mwanzoni mwa 1955, wa pauni bilioni 1.24. Sehemu kubwa ya hizo 251 zimeundwa BAADA ya hapo. Unatangaza talaka huku unalipa mahari? Na zile kumi zenye boila ya Crosti kutoka Italia mbona huzitaji? Moshi ulitokea ubavuni, ukawasumbua madereva, makaa yaliyookolewa hayakufikia matarajio, mwisho zikageuzwa kuwa za kawaida.

Fundi Boila: Za Crosti nakubali, aibu ile. Lakini tusiulaumu mvuke peke yake. Swindon hiyohiyo ilitoa vichwa 56 vya dizeli vya daraja la 14 mwaka 1964 na 1965. Kufikia 1969 shirika halina hata kimoja! Vingi viliuzwa, vingine vikaishia kwenye migodi ya makaa ya mawe. Cheka mwenyewe.

Mtoto wa Makadara: Naongezea la kwetu. Miaka ileile, 1955 na 1956, Beyer Peacock wa Manchester walituletea Garratt 34 (vichwa vikubwa vya mvuke) za daraja la 59, zenye majina ya milima. Hizo zilipiga kazi Mombasa hadi Nairobi zaidi ya miaka ishirini. Mount Gelai ipo makumbusho ya reli Nairobi, kaitazameni.

Msafiri wa Reli: Basi Riddles namwachia. Ila aliyesaini oda za 9F baada ya 1955 bado namtafuta.