Greensboro: AC tupu au pampu ya joto yenye ruzuku? Nina kotesheni tatu mkononi (uzi wa mwaka 2025; nafuu ya kodi ya shirikisho inayotajwa humu ilikoma kwa vifaa vilivyofungwa baada ya Desemba 31, 2025)

Mama_Baraka_GSO
Habari zenu wana jukwaa, na shikamooni wakubwa. Tupo Greensboro, North Carolina. AC yetu imekata kauli. Fundi aliyekuja kuipima amesema gesi ya kupozea imevuja yote. Kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine kinasoma R-22, na gesi hiyo haitengenezwi wala kuingizwa nchini tangu 2020. Iliyobaki ni ya akiba, bei yake inachoma, na tukijaza itavuja tena.

Nyumba ni futi za mraba 1,600, ghorofa moja. Hita ni ya gesi, umri wake sawa na AC. Tupo watano ndani, pamoja na mama mkwe ambaye ana presha na joto hili linamtesa. Nimeletewa kotesheni tatu:

A. AC ya baridi tupu, tani 3 (nguvu ya kupoza), SEER2 14.3 (kipimo cha kubana umeme, namba kubwa ndiyo nzuri), hita ya zamani inabaki. Dola 7,400.
B. Pampu ya joto (mashine moja ya umeme inayopoza na kupasha joto), tani 3, SEER2 17, inachukua nafasi ya AC na hita. Dola 13,000.
C. Pampu ya joto ya kufunga ukutani, vyumba vinne, kompresa moja nje. Dola 16,500.

Wa B na wa C wote wameniambia serikali italipa karibu yote. Wa A hakutaja serikali kabisa. Baba Baraka anataka A tuifunge wiki hii tupumue. Mimi nasita. Nani ameshapitia njia hii?

FundiBaridi_CLT
Pole sana mama, na mpe pole bibi. Mimi ni fundi wa mitambo hii hapa Charlotte, na sikuuzii chochote. Zipo pesa za aina mbili, na wauzaji wanazichanganya makusudi.

Ya kwanza ni ruzuku ya jimbo. Fedha zimetoka kwenye sheria ya 2022 ya shirikisho, kila jimbo linaziendesha lenyewe, na kwetu mpango unaitwa Energy Saver North Carolina, ulioanza Januari 2025. Pampu ya joto inapata hadi dola 8,000. Kaya yenye kipato chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo hulipiwa gharama yote mpaka kikomo hicho. Kaya iliyo kati ya asilimia 80 na 150 hulipiwa nusu, kikomo ni kilekile. Ukizidi 150 huna kitu. Inakatwa kwenye ankara ya fundi, husubiri hundi.

Ya pili ni nafuu ya kodi ya shirikisho. Asilimia 30 ya ulicholipa, kikomo dola 2,000 kwa pampu ya joto na dola 600 kwa AC tupu, tena AC yenyewe iwe ya daraja la juu. Hiyo ya 14.3 ni kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kuuzwa huku kusini, haipati hata senti. Na ndiyo, sheria iliyosainiwa Julai 4 mwaka huu wa 2025 imeifuta kwa kifaa chochote kitakachofungwa baada ya Desemba 31.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndipo watu wanapoumia: ruzuku ya jimbo hailipi kazi iliyokwisha kufanyika. Unaomba, unakubaliwa, halafu ndipo fundi aliyesajiliwa kwenye mpango anaanza. Ukifunga B wiki hii na kuomba wiki ijayo, umepoteza ruzuku yote. Na A haimo kabisa. Ruzuku imewekwa kwa mtu anayetoka kwenye gesi kwenda umeme, au anayefunga pampu ya joto kwa mara ya kwanza. AC ya baridi tupu hawaitambui.

Mama_Baraka_GSO
Asante sana kaka. Nimeangalia jedwali la kipato la kaunti yetu, sisi tumezidi 80 kidogo. Kwa hiyo nusu. Mhasibu wetu naye amesema tunadaiwa kodi ya kutosha kuitumia ile nafuu.

hesabu_kwanza
Basi tuweke namba mezani.

B: 13,000. Nusu ni 6,500, haijafika kikomo cha 8,000, unaipata yote. Zinabaki 6,500. Nafuu ya kodi hupigwa kwenye kilichobaki baada ya ruzuku, si kwenye bei ya mwanzo: asilimia 30 ya 6,500 ni 1,950. Mwisho wa yote umetoa 4,550.

C: 16,500. Nusu ni 8,250, inakatwa kwenye 8,000. Zinabaki 8,500, asilimia 30 ni 2,550, inakatwa kwenye 2,000. Umetoa 6,500.

A: 7,400. Hakuna punguzo. Umetoa 7,400.

Yaani ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali kuliko zote tatu. Lakini dada, "karibu yote" waliyokuambia si kweli. Kwenye B mnatoa 6,500 siku ya kazi, na ile 1,950 mtaiona mkijaza ritani ya kodi mwakani.

Jambo la pili ni bili. Chukua tani 3 zikifanya kazi saa 1,200 kwa msimu. AC ya zamani kama yako hula kama kilowati-saa 4,500. Ya 14.3 hula kama 3,020. Ya 17 kama 2,540. Kwa umeme wa senti 14, kutoka ya zamani kwenda 14.3 unaokoa zaidi ya dola 200 kwa mwaka. Kutoka 14.3 kwenda 17 unaongeza kama dola 67 tu. Kwa hiyo mtu akikushawishi uongeze maelfu kwa ajili ya SEER2 kubwa, bila ruzuku, usikubali. Kinachoibeba B ni ruzuku pamoja na kuondokana na hita iliyochoka.

Kijana_wa_Mwanza_MN
Mimi napinga kidogo. Nipo Minneapolis, na pampu ya joto huku si jambo la kuingia kwa sababu ya kuponi. Gesi ni rahisi, baridi inashuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, na mashine ya kawaida inapozidiwa inawasha koili za umeme ambazo zinakunywa umeme vibaya sana. Sisi tumebakiza hita ya gesi kwa zile siku kali, na pampu inafanya kazi vuli na masika. Mama Baraka, uliza bei ya umeme wako na ya gesi yako kabla ya kung'oa hita.

FundiBaridi_CLT
Mkuu uko sahihi kwa Minnesota, na hata kwenu zipo mashine za baridi kali zinazohimili. Greensboro ni kwingine. Majira ya baridi yetu mengi yako juu ya sifuri, na hapo pampu ya joto kwa uniti moja ya umeme inaleta kama uniti tatu za joto ndani, kwa sababu inalihamisha joto la nje badala ya kulitengeneza. Hita yake ni ya umri wa AC iliyokufa. Akiibakiza, baada ya muda mfupi atatafuta fundi tena, na safari hiyo pengine bila ruzuku wala nafuu ya kodi.

Mama, mwulize wa B maswali mawili. Kwanza, tani 3 ameitoa wapi? Kama amesoma kibandiko cha mashine ya zamani akanakili, mwambie afanye hesabu ya Manual J, ya kujua mashine ya ukubwa gani inaifaa nyumba: madirisha yanaelekea wapi, dari ina kizuizi cha joto kiasi gani, mpo wangapi. Mashine kubwa kuliko nyumba inapoza haraka, inazima, inawaka tena, na unyevu hauondoki. Utakuwa na nyumba ya nyuzi 22 lakini shuka zina unyevunyevu, na mtu mwenye presha hapumziki humo.

Pili, mabomba ya hewa darini ameyapima? Nyumba nyingi hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa kwenye matundu na viungo vya mabomba. Nimeshapanda dari ambako bomba la chumba cha watoto limechomoka kwenye kiungo chake, baridi yote inamwagika kwenye vumbi la darini, na mwenye nyumba anaambiwa anunue mashine kubwa zaidi. Kuziba matundu ya hewa na kuweka kizuizi cha joto darini nako kuna ruzuku hadi dola 1,600 kwenye mpango huohuo. Kuziba kwanza kunaweza kukushusha hadi tani 2.5.

C ni nzuri kwa nyumba isiyo na mabomba. Yako ina mabomba tayari, mimi nisingeiangalia.

Dada_wa_Uvira_ATL
Naongeza juu ya wanaogonga mlango, maana wanafuata sana mitaa yetu. Kwetu alikuja kijana na tableti, akasema AC ni bure kwa familia za wakimbizi, tia kidole hapa tuangalie kama mnastahili. Kile kidole kilikuwa sahihi ya mkopo wa miaka mingi. Mama yangu ndiye aliyetia, Kiingereza chake ni kidogo, na yule kijana aliliona hilo.

Tulichomoka kwa sababu tuliwahi. Kuna kanuni ya shirikisho: mkataba uliouziwa nyumbani kwako, wa dola 25 au zaidi, una siku tatu za kazi za kuuvunja bila kutoa sababu. Tuliandika barua siku iliyofuata na kuituma kwa posta yenye risiti. Tafadhali waambieni wazazi. Jimbo halitumi mtu mlangoni na tableti, ukitaka ruzuku unaomba mwenyewe kwenye tovuti ya jimbo.

Mzee_Kilosa_DFW
Wa Texas msikate tamaa na habari hizi za Carolina. Hapa Dallas mnayemlipa bili si mwenye nyaya. Mwenye nyaya ni Oncor, na yeye ndiye anayetoa motisha za kubana umeme, tena kupitia mafundi walioandikishwa kwake. Ukimpigia aliyekuuzia umeme atakuambia hajui. Mwulize fundi kabla hajaandika bei: umo kwenye orodha ya Oncor? Houston ni CenterPoint. Austin na San Antonio mashirika ya umeme ni ya miji yenyewe, nayo yana mapunguzo yao.

mpangaji_buffalo
Na sisi wapangaji je? Kila uzi wa namna hii unaishia kwa wenye nyumba.

Dada_wa_Uvira_ATL
@mpangaji_buffalo New York ina HEAP, msaada wa gharama za nishati, na wakati wa kiangazi ina sehemu ya kupoza: baadhi ya kaya za kipato cha chini hununuliwa AC ya dirishani na kufungiwa. Fedha zikiisha maombi yanafungwa, kwa hiyo omba siku za mwanzo kabisa. Pia upo mpango wa shirikisho wa kuziba matundu ya nyumba ili isipoteze nishati, WAP, wa tangu 1976. Mpangaji anaruhusiwa, mwenye nyumba atie sahihi tu. Wazee wa miaka 60 na kuendelea, walemavu na wenye watoto hutangulizwa.

Mama_Baraka_GSO
Mungu awabariki. Baba Baraka amesoma uzi wote, tumekubaliana B. Ombi nimelituma jana usiku, na wa B amekubali kuja kupanda dari na kufanya Manual J. Wakati tunasubiri jibu tumenunua AC ndogo ya dirishani kwa chumba cha bibi, jana amelala vizuri.

Swali la mwisho. Jimbo likichelewa kujibu, wa B anasema nilipe amana sasa ili ile nafuu ya kodi isinipite. Ni kweli?

FundiBaridi_CLT
Hapana. Wanaangalia siku mashine ilipofungwa na kuanza kazi, siku uliyolipa haihesabiki. Ukilipa Novemba na wakafunga Januari 3, ile 1,950 imekwenda. Amana usitoe kabla jimbo halijakubali. Kibali kikipatikana, akupe tarehe ya kufunga kwa maandishi, iwe kabla ya Krismasi, na mwombe namba ya utambulisho ya mtengenezaji wa mashine, maana ritani ya 2025 inaitaka. Asipokupa tarehe, piga hesabu yako kwa 6,500, halafu ilinganishe tena na A. Bado B iko chini kwa 900.