Tupeane uzoefu: simu na tabuleti zimebadilishaje unavyosoma au unavyofundisha?

Habari zenu wadau. Kila nikisikia simu na masomo vinatajwa pamoja ni lawama tu, mara watoto wanapotea, mara wanadesa, wakati tafiti za namna ya kuvitumia hivi vitu zipo na wengi hazijatufikia. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi, wengine wakaisoma tena, wengine wakaifunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena ndio walioongoza, baada ya wiki waliojipima walikumbuka 56% na wenzao 42%.

Mimi niko uuguzi, nilipoyajua hayo nikaacha kupaka rangi madesa nikahamia Anki. Ni programu ya kadi, mbele swali nyuma jibu, ukikosa inakurudishia saa hiyo hiyo, ukipata inaisogeza siku kadhaa halafu wiki, yaani inakuuliza pale unapokaribia kusahau. Kwenye Android ni bure na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Ila kadi tengeneza mwenyewe, za watu utakariri tu. Haya leteni za kwenu.

Mdau, Shinyanga: Mi mwalimu wa hesabu sekondari ya kata, darasa limejaa na simu wanafunzi hawaruhusiwi, lakini hilo la kujipima halitaki umeme. Kila kipindi naanza na maswali ya mada za nyuma, madaftari yamefungwa, na sitoi maksi. Mwanzoni walinuna sana, sasa nikisahau wananikumbusha wenyewe.

Mdau, Tanga: Sisi huku tulipata zile tabuleti za shindano la XPRIZE, vijiji kama 170, watoto wanajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, chaji ni sola. 2019 timu mbili za watengeneza programu, Kitkit School na onebillion, zikatoka sare kwenye ushindi. Mpwa wangu herufi alizijulia pale, ila nilichokipenda zaidi ni wanavyojikusanya, aliyeelewa anamwelekeza mwenzie bila kuambiwa na mtu mzima, sijui kama waliotengeneza programu waliliwaza hilo.

Mdau, Mombasa: Kijana wangu yuko Gredi 9, insha alikuwa anaandikiwa na ChatGPT, inatoka safi kabisa lakini ukimuuliza aya ya pili ina maana gani anakodoa macho, nikaumia sana kwa kweli. Simu sikumnyang'anya. Tukakubaliana aandike kwanza kwa mkono, halafu ndio afungue ChatGPT aiambie imuulize maswali kuhusu alichoandika, na mimi nakaa karibu nisikie anavyojibu. Anachukua muda mrefu kuliko zamani na makosa yako, lakini sasa anaweza kunieleza. Mwenye mtoto wa Gredi 4 kushuka aniambie anatumia nini, mdogo wake bado sijampa.