Tupeane uzoefu: modeli ya ndege iliyokuharibikia hatua za mwisho

Msasa Laini
Wakuu, salaam. Nimeona picha ya mdau kamaliza ndege ya kivita ya Spitfire ya 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko halisi), rangi imekaa, alama zimekaa, halafu kioo cha rubani kimeingia ukungu kwa ndani kama jicho lenye mtoto wa jicho. Roho imeniuma. Sisi tunaojenga ndege za kivita za plastiki tunajua kwamba mwanzoni hakuna kinachotisha. Maungio yakiachana unajaza puti, unapiga msasa wa maji, kazi inasonga. Balaa liko mwishoni: kioo, dekali (alama za kubandika kwa maji), vanishi. Hapo kila tabaka limelala juu ya jingine, ukifuta moja umefuta yote.

Mwenye kisa akilete hapa, na aseme aliokoaje. Kwa huo ukungu, chanzo ni supagluu. Ikikauka inatoa mvuke, na mvuke ukifungiwa ndani ya chumba cha rubani unatua kwenye kioo na kuacha utando mweupe. Mimi vioo nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao tu. Kabla ya hapo nakichovya kioo kwenye polishi ya sakafu ya akriliki, nakiacha kikauke chini ya bakuli vumbi lisikifikie. Kinatoka kinameta.

Bi Kibano
Umegusa donda. Endelea mkuu, nipo.

Mzee wa 72
Gundi ya mbao haishiki. Ukija kubandua tepu ya kuzibia rangi, kioo kinaondoka nayo. Mimi supagluu natumia miaka yote, tone dogo kwa ncha ya sindano, feni pembeni inasukuma mvuke. Ukungu sijawahi kuuona.

Msasa Laini
Mzee wangu, shikamoo. Kioo hakibebi mzigo wowote, kinashikiliwa kwa nguvu ya nini? Tepu inabanduliwa kwa kuikunja juu ya yenyewe, taratibu, haivutwi juu.

Mzee wa 72
Marahaba. Kunja unavyotaka, chako kitaanguka, changu kitabaki.

Dekali Kavu
Yangu ni ndefu, mnivumilie.

Nilikuwa na Mustang, P-51D ya 1/48, boksi kongwe lililokaa kabatini kwa kaka yangu tangu utoto wetu. Plastiki ilikuwa safi kabisa. Nikajenga, nikapaka, nikapuliza vanishi ya kung'aa ili dekali zilale kwenye uso laini, maana uso mkwaruzo unafungia hewa chini ya dekali na unaona ule weupe wa fedha pembeni. Kila kitu kwa utaratibu. Nikakata mistari ile myeusi na myeupe ya Juni 1944, nikaiweka kwenye maji ya vuguvugu. Nikasubiri. Nikaigusa kwa brashi. Ikapasuka vipande, na kila kipande kikaelea upande wake. Nikajaribu nyota ya bawani, nayo hivyo hivyo. Namba za ubavuni, hivyo hivyo. Nilikaa natazama bakuli la maji lenye vipande vya ndege yangu, na sikuwa na karatasi nyingine ya dekali.

Nikalala nayo kichwani. Asubuhi nikaanza kusoma kuhusu ile mistari yenyewe. Kumbe amri ya kuipaka ilifika viwanjani siku chache tu kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni. Mafundi waliipaka mbio mbio, wengi kwa brashi za mkono, na picha za wakati ule zinaonyesha kingo zilizopinda na rangi iliyochuruzika. Sasa mistari iliyonyooka kama ya mashine ya nini? Ndege ya injini moja mistari mitano, mweupe-mweusi-mweupe-mweusi-mweupe, kila mmoja upana wa inchi 18. Kwa 1/48 ni milimita tisa na nusu. Nikakata tepu, nikapaka nyeupe yote kwanza, nikaziba, nikapaka nyeusi. Ilitoka nzuri kuliko dekali, na hilo nalisema mbele ya yeyote.

Nyota nilikata kiolezo. Nayo ilikaa.

Ushauri wangu: boksi la zamani, jaribu kwanza dekali usiyoihitaji. Ikipasuka, puliza vanishi juu ya karatasi nzima, iache ikauke vizuri, halafu ukate kila alama kando kando kwa makini. Vanishi ndiyo itakayozishika.

Kipofu wa Rangi
Naunga mkono. Na kama zimegeuka njano, zibandike dirishani zipigwe na jua, njano inapauka yenyewe.

Fundi Puti
Hongera Dekali Kavu, mistari nimeipenda. Naomba niulize kitu kimoja. Ribiti za mabawa uliziziba?

Dekali Kavu
Zipi?

Fundi Puti
Mustang halisi, sehemu ya mbele ya bawa ilizibwa kiwandani kwa puti, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi ya fedha, kwa sababu bawa lile liliundwa hewa ipite juu yake bila kuvurugika. Mwili ulibaki bati tupu, mabawa yakawa na rangi. Kwenye modeli nyingi utakuta bawa limejaa vitobo vya ribiti, zile pini za kushikia bati, toka ncha hadi ncha. Yalitakiwa yazibwe kabla ya rangi.

Dekali Kavu
Nimesimulia dekali zilizopasuka, unaniletea ribiti?

Fundi Puti
Sikukashifu ndugu yangu. Nimesema kwa atakayejenga kesho.

Kipofu wa Rangi
Fundi yuko sahihi kwa historia. Lakini mtu akiokoa ndege kwa mikono yake, kwanza mpe pole na heshima, ribiti baadaye.

Mzee wa 72
Kwenye 1/72 ribiti hazionekani. Hameni huku.

Fundi Puti
Mzee, kwenye 1/72 hata rubani haonekani.

Bi Kibano
Mimi kisa changu ni vile vipande vya shaba vyembamba. Kipande cha mkanda wa rubani kiliruka kwenye kibano, kikapotea. Anayepotelewa: zima taa ya chumba, laza tochi sakafuni, kipande kitatoa kivuli kirefu. Au vuta soksi nyembamba juu ya mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi. Na siku nyingine kata vipande ukiwa umeingiza mikono ndani ya mfuko wa plastiki unaoona.

Lanka ya Usiku
Samahani nawakatiza. Nahitaji msaada sasa hivi. Nina Lancaster ya 1/72, ile ndege ya mabomu ya injini nne, sentimita 43 toka ncha ya bawa hadi ncha. Tumbo na ubavu ni nyeusi, ile nyeusi ya kurukia usiku. Herufi nyekundu zimekaa, moshi wa injini nimeutia wa kijivu juu ya mabawa kama kwenye picha. Ilibaki vanishi isiyong'aa tu. Nimepuliza, nimegeuka kuosha brashi, nimerudi naikuta nyeupe. Ubavu mzima ni kama umemwagiwa majivu. Mvua inanyesha tangu mchana. Mikono inatetemeka, sijui nifute au niiache. Tafadhali.

Mzee wa 72
USIGUSE. Weka chini. Ondoka chumbani.

Kipofu wa Rangi
Pole sana dada. Usifute, ukifuta sasa unaondoka na dekali.

Fundi Puti
Ulitikisa kopo? Unga wa kuondoa mng'ao unazama chini, usipokorogwa vizuri unatoka mabonge.

Lanka ya Usiku
Nilitikisa mpaka mkono ukachoka. Sijafika hapa kuulizwa kama najua kutikisa kopo.

Msasa Laini
Fundi, jibu liko kwenye maneno yake: mvua. Thina inapoyeyuka inapoza uso wa modeli, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanatua ndani ya vanishi kabla haijakauka. Ndio weupe huo. Rangi yake iko salama chini.

Dekali Kavu
Paka mafuta mepesi kwa pamba. Nimeona mtu kafanya, weusi ukarudi.

Kipofu wa Rangi
Mafuta hapana! Yatarudisha weusi leo, kesho hakuna vanishi itakayoshika juu yake.

Bi Kibano
Ikishindikana kabisa, ipaki kwenye theluji, uweke na mafundi wanaoikwangua mabawa. Nasema hivi ili upumue kidogo dada, usilie.

Msasa Laini
Dada, fuata hivi. Iache kwanza mpaka hewa ikauke, hata kama ni kesho kutwa. Kisha chukua vanishi ya kung'aa ya aina ile ile uliyotumia mwanzo, jaribu sehemu isiyoonekana, chini ya mkia. Weupe ule ni mwanga unaotawanywa na uso uliochafuka, na vanishi ya kung'aa inajaza vile vishimo. Puliza nyembamba, subiri, puliza tena. Usiimwage, na usichanganye vanishi zisizopatana: laka juu ya enameli inaikunjakunja.

Mzee wa 72
Hapa naungana na Msasa. Na fungua dirisha, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, ile ya vumbi haikufai.

Lanka ya Usiku
Asanteni. Nimeifunika kwa boksi. Nitarudi.

Kipofu wa Rangi
Wote tunangoja hiyo Lancaster, jamani. Mimi hata modeli yangu ya Phantom nimeiacha.

Mgeni Mezani
Habari za humu. Mimi mpya. Nina ndege ya P-38 ya 1/48, nimesikia inakaa kwa mkia, pua juu. Nifanyeje?

Fundi Puti
Ngoja kwanza tujue ya Lancaster.

Lanka ya Usiku
Nimerudi. Leo jua limetoka. Nimejaribu chini ya mkia kama alivyosema Msasa Laini, na nyeusi ikarudi mbele ya macho yangu. Nikapiga kelele nyumbani wakadhani nimeumia. Ubavu wa kushoto umerudi wote. Wa kulia, karibu na mlango wa nyuma, kumebaki kivuli cheupe kidogo, nitakipitia tena. Herufi hazijaguswa. Fundi Puti, nilikujibu kwa hasira, unisamehe.

Fundi Puti
Yameisha dada. Hilo doa la mlangoni, kama halitoki, lipake rangi tena kwa brashi ndogo kabla ya kurudisha vanishi isiyong'aa. Lancaster za vita zilikuwa na viraka vya rangi kila mahali.

Dekali Kavu
Weka picha!

Bi Kibano
Picha, dada, picha.

Mgeni Mezani
Na P-38 yangu?

Fundi Puti
Haya mgeni, karibu. Hiyo ina gurudumu la pua na mikia miwili mizito nyuma, lazima uizidishie uzito mbele. Jaza vile vipande vya madini ya risasi vya mshipi wa kuvulia kwenye pua, na kwenye injini zote mbili mbele ya magurudumu makubwa. Usifunge kwanza. Shikiza vipande vyote kwa tepu, pamoja na mikia na mabawa, laza modeli juu ya penseli pale magurudumu makubwa yatakapokaa. Ikiinamia mbele, funga. Ikisita, ongeza, maana rangi na vanishi navyo vina uzito wake huko nyuma.